Kukompaili programu huria kutoka msimbo chanzo: kuandaa mazingira ya Linux

Programu nyingi huria zipo tayari kwenye hifadhi za vifurushi (ghala za programu zilizokwisha jengwa kwa ajili ya mfumo wako), na mara nyingi hizo zinatosha. Ila ukihitaji toleo jipya kuliko lililopo hifadhini, au kipengele kilichozimwa na waliokiandaa kifurushi, au ukitaka kurekebisha msimbo wewe mwenyewe, itabidi ukompaili, yaani ugeuze msimbo chanzo kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Wengi hudhani ugumu uko kwenye msimbo. Ukweli ni kwamba wanaoanza hukwamishwa zaidi na mazingira yasiyokamilika, kwa hiyo muda unaoutumia kuyaandaa vizuri haupotei. Amri za hapa ni za Debian na Ubuntu. Penye tofauti kubwa na Fedora tutataja.

Zana za msingi zinaingia kwa mkupuo mmoja:

sudo apt update
sudo apt install build-essential pkg-config git autoconf automake libtool cmake ninja-build meson

Kifurushi cha build-essential ndicho kinacholeta gcc na g++ (kompaila za C na C++), make na heda za maktaba ya C, yaani mafaili ya .h yanayoieleza kompaila kilichomo kwenye maktaba. Kwenye Fedora hakuna kifurushi chenye jina hilo; sakinisha gcc, gcc-c++ na make kwa majina yao. Kisha angalia gcc --version na ulinganishe na kile README ya mradi inachotaka. GCC, kwa mfano, ilianza kuikubali -std=c++20 kwenye toleo la 10. Ukiwa na la 9, usihangaike kutafuta kosa kwenye msimbo.

Tenga folda moja ya kazi, mathalani ~/src, na ufungulie humo msimbo uliopakua. Njia ya folda isiwe na nafasi kati ya maneno, kwa sababu configure itakataa na kulalamika kuhusu "unsafe srcdir value". Usikompailie kwenye flashi yenye mfumo wa FAT au exFAT pia: mifumo hiyo haihifadhi viungo vya ishara (symlink) wala ruhusa za Linux, na miradi mingi hutegemea vyote viwili. Kama mradi umetoa faili la SHA256 (alama ya kuhakiki kwamba ulichopakua hakijabadilika), thibitisha kwa sha256sum -c kabla ya kufungua chochote. Na kazi yote ya kukompaili ifanye kama mtumiaji wa kawaida, si kama root (msimamizi mwenye ruhusa zote).

Sasa maktaba tegemezi, ambako ndiko wengi hukwama. Kwenye Debian, maktaba moja hugawanywa vifurushi viwili. Cha kwanza kina faili la .so ambalo programu hulihitaji wakati wa kufanya kazi. Cha pili, chenye jina linaloishia na -dev, kina heda na mafaili ya .pc yanayosomwa na pkg-config, zana inayoeleza maktaba ziko wapi. Kompyuta yako inaweza kuwa na OpenSSL inayotumika kila siku, na bado ukapata ujumbe huu:

fatal error: openssl/ssl.h: No such file or directory

Maktaba ipo, heda hazipo. Dawa yake ni libssl-dev. Kwenye Fedora ni openssl-devel. Vivyo hivyo zlib.h inatoka kwenye zlib1g-dev. Usipojua heda inatoka kifurushi gani, sakinisha apt-file, endesha sudo apt-file update, halafu apt-file search openssl/ssl.h. Kwenye Fedora, dnf provides '*/openssl/ssl.h' inafanya kazi hiyo hiyo.

Ipo njia ya mkato nzuri sana. Kama programu tayari imo kwenye hifadhi, hata kwa toleo la zamani, amri hii inaleta karibu kila kinachohitajika kuijenga, mfano wetu ukiwa curl:

sudo apt build-dep curl

Ikikujibu kwamba lazima uweke deb-src (vyanzo vya msimbo wa vifurushi), fungua orodha ya vyanzo iliyo chini ya /etc/apt. Kwenye muundo mpya wa faili la .sources, mstari wa Types uusomeshe "Types: deb deb-src", kisha rudia apt update.

Namna ya kujenga utaitambua kwa kuangalia folda. Ukiona configure:

./configure --prefix=$HOME/opt/jina-1.2
make -j$(nproc)
make check
make install

Badala ya jina-1.2 weka jina na toleo la programu yako. --prefix ni mahali itakaposakinishwa, na -j ni idadi ya kazi za sambamba. Msimbo uliotoka git kwa kawaida huwa hauna configure bali configure.ac tu; hapo endesha autogen.sh kama ipo, au autoreconf -fi. Ukiona CMakeLists.txt:

cmake -S . -B build -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/opt/jina-1.2
cmake --build build -j$(nproc)
cmake --install build

Usiiache CMAKE_BUILD_TYPE. Ukiiacha, na mradi wenyewe usipoweka chaguo lake, unapata programu isiyoboreshwa kwa kasi, kisha unashangaa kwa nini ni nzito. Penye meson.build, tumia meson setup build --buildtype=release pamoja na --prefix, halafu ninja -C build na ninja -C build install.

Hitilafu ikitokea, soma ya kwanza, si ya mwisho. Mstari wa mwisho, "make: *** [...] Error 2", hausemi lolote zaidi ya kwamba kazi imekwama. Kwa kuwa -j huchanganya matokeo ya kazi nyingi, endesha make tupu mara ya pili. Itasimama palepale penye kosa. Ikiwa ni configure iliyogoma, fungua config.log utafute jina la kitu ilichosema hakipo: utakuta jaribio dogo lililoshindwa pamoja na maneno halisi ya kompaila. Ujumbe wa "undefined reference" hutoka kwa linka (zana inayounganisha msimbo uliokompailiwa na maktaba), maana yake heda imepatikana ila maktaba yenyewe haikuunganishwa, au toleo lake halilingani na heda. Na kwenye CMake, ukishasakinisha kilichokosekana, futa folda ya build uanze upya, kwa kuwa CMakeCache.txt huweza kuendelea kushikilia majibu ya zamani.

Kompaila ikiuawa ghafla kwa neno "Killed", RAM imeisha. Kwa C++ nzito, kadiria GB 2 kwa kila kazi ya sambamba: mashine ya GB 8 yenye nyuzi (threads) 16 ipe -j4, si -j16. Ukiwa na shaka, sudo dmesg itakuonyesha kama keneli (kiini cha Linux) ndiyo iliyoiua.

Programu inaweza kujengwa vizuri kisha igome kuwaka:

error while loading shared libraries: libjina.so.1: cannot open shared object file

Kipakiaji, yaani sehemu ya mfumo inayopakia maktaba programu inapowaka, hakijui maktaba yako mpya iko wapi. Kama umesakinisha /usr/local, sudo ldconfig kwa kawaida inatosha. Kama iko chini ya ~/opt, andika njia ndani ya programu yenyewe kwa kuipa configure LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/opt/jina-1.2/lib". Kwa CMake, weka -DCMAKE_INSTALL_RPATH yenye njia hiyo hiyo. CMake huiondoa njia ya ujenzi wakati wa kusakinisha, ndiyo maana programu huwaka vizuri ndani ya build na kugoma ikishahamishwa.

Folda ya peke yake kwa kila toleo ina faida nyingine: kuondoa programu ni kufuta folda hiyo moja, bila kutegemea make uninstall ambayo miradi mingi haina. Ongeza bin yake kwenye PATH (orodha ya folda ambamo sheli hutafuta amri), endesha hash -r ili sheli isahau mahali pa zamani, na uhakikishe kwa command -v kwamba inayoitwa ni ile uliyoijenga.