Kabla hujamrudisha uwanjani kijana aliyetoka kupooza, soma hii kwanza

Hii nawaandikia wazazi, makocha na nyie vijana wenyewe mliopigwa na Guillain-Barré, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka inashambulia mishipa ya fahamu, miguu inaishiwa nguvu halafu udhaifu unapanda juu, mara nyingi baada ya kuharisha au mafua ya kawaida tu. Sasa umeanza kutembea na miguu inawasha kurudi kwenye mbio au mpira. Sawa, rudi, ila kuna mambo kabla. Mdogo wangu alikuwa anakimbia mita 800 na ulimkuta akiwa sekondari, kwa hiyo mengi hapa nimeyaona sebuleni kwetu.

Yanayojulikana niyapitishe haraka. Ruhusa ya daktari wa mishipa ya fahamu iwe ya maandishi, siyo "aliniambia niko poa". Moyo na presha vipimwe, maana ugonjwa huu hugusa pia mishipa inayoendesha mapigo na presha yenyewe kwa yenyewe, mtu anasimama ghafla anaona giza, kwa hiyo apimwe presha akiwa amelala na apimwe tena akisimama. Maji, kula, kulala, hayo mnajua. Mzigo wa mazoezi aupange mtu wa fiziotherapia na kocha afuate, kocha asiyetaka kufuata tafuta mwingine, hapo sibembelezi mtu.

Dawa pia. Kama ni mchezaji anayeweza kupimwa dawa zilizokatazwa michezoni, kila dawa aliyonayo iangaliwe kwenye orodha ya WADA, lile shirika la dunia linalopambana na dawa hizo, kabla ya mashindano. Dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa isipokuwa ile ya matibabu halali ya hospitali, na vidonge au sindano za steroidi zile za kutuliza uvimbe haziruhusiwi siku za mashindano bila kibali cha matibabu. Tunza karatasi zote za hospitali, zote, hata ile uliyoona haina maana.

Sasa muda, hapa ndo watu wanapochanganyikiwa. Mshipa wa fahamu ni kama waya, una ganda la nje na uzi wa ndani. Ganda likichunika linajijenga upya kwa wiki au miezi, ndo maana takriban watu 8 kati ya 10 wanatembea wenyewe ndani ya miezi 6. Lakini pale uzi wa ndani ulipokufa, unaota upya kama milimita 1 kwa siku, basi chukua rula upime kutoka goti la kijana wako mpaka vidole, utaelewa kwa nini paja limerudi na nyayo bado, na hakuna supu wala maombi ya kocha yatakayoharakisha hiyo milimita. Watu watakutajia Markus Babbel, beki Mjerumani aliyeugua huu huu mwaka 2001 akiwa Liverpool na mwaka 2007 akachukua ubingwa wa Ujerumani na Stuttgart. Kweli kabisa. Ila wakutajie na kipande cha katikati, alirudi Liverpool na nafasi yake hakuipata tena, na yule alikuwa mtu mzima karibu miaka 30 mwenye madaktari wa klabu wanaomzunguka.

Haya, lenyewe ninalotaka mlishike ni hili: ule ushauri wa "sikiliza mwili wako" uwekeni pembeni kwanza. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye mwili wake unaongea. Huyu mishipa inayobeba taarifa ndo hiyo hiyo iliyoumwa.

Mdogo wangu aliporuhusiwa kuanza kukimbia kidogo kidogo, kocha wa wakati ule alimpa sheria moja tu, ukisikia maumivu simama. Akakimbia, hakusikia chochote, akamaliza zoezi lote anacheka, siku hiyo hata kocha akapiga simu nyumbani kumsifia. Jioni anavua raba mlangoni, soksi ya kulia haitoki, imegandia. Yeye akadhani ni tope. Mama akaileta karibu na taa akaona ni damu, kavu pembeni mbichi katikati, na ilipobanduka kukawa na kokoto limezama kwenye nyama nyuma ya kidole gumba, la ukubwa wa punje ya hindi, limekaa humo zoezi zima. Ganzi ya nyayo ilikuwa haijaisha ila hakuna aliyemuuliza kuhusu ganzi, wote walikuwa wanauliza kuhusu nguvu. Kidonda kikatunga usaha, homa ikapanda, na daktari alipomuuliza uliumia saa ngapi akajibu sijui, na kweli alikuwa hajui. Wiki alizokaa kitandani na ule mguu zilimla misuli ya kigimbi aliyoihangaikia miezi.

Kwa hiyo: kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani ya kiatu upapase mpaka mbele kabisa, halafu kikung'ute. Soksi iwe nyeupe, damu ionekane. Baada ya kila zoezi, siyo mara moja moja, miguu itazamwe chini na kati ya vidole, kwa kioo au na mtu mwingine. Maji ya moto ya kukanda miguu yajaribiwe kwa kiwiko, siyo kwa mguu. Tazama na pua ya kiatu, ikianza kulika maana yake vidole vinaburuta, kifundo hakinyanyui mguu vizuri, hapo hakuna kukimbia mpaka fiziotherapia waone kama anahitaji kifaa cha kushikilia. Ukisikia mguu mmoja unapiga chini "pa" na mwingine kimya, huo umechoka hata kama mwenyewe anasema yuko freshi.

Uchovu nao ni bubu vile vile. Unachelewa. Leo anafanya vizuri, kesho anafanya vizuri, kesho kutwa hawezi kunyanyua kikombe, nyumbani wanasema mvivu. Mishipa inayopona ikizidishiwa kazi nguvu inashuka badala ya kupanda, na uchovu huu unaweza kukaa miaka hata kwa mtu ambaye nguvu zimerudi, kwa hiyo daftari liwepo, andika alichofanya na alivyoamka siku 2 zinazofuata, na zoezi la leo lihukumiwe kwa hiyo siku ya pili. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama umbali ama kasi. Akiamka dhaifu kuliko alivyokuwa, rudi nyuma hatua nzima, na usimlinganishe na muda wake wa zamani, hizo medali za ukutani kama zinamtesa zitoeni kwa sasa.

Mengine madogo madogo. Wenzake kwenye timu waambiwe ukweli wasije wakamsukuma kwa utani. Asifanye mazoezi peke yake mwanzoni. Akiwa na homa au anaharisha hakuna mazoezi, hata kama mashindano ni kesho. Chanjo yoyote aulizwe daktari kwanza. Ugonjwa kurudi ni nadra lakini upo, kwa hiyo ganzi mpya inayopanda, miguu yote miwili kulegea, kumeza au kupumua kwa shida, ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi, na hata pikipiki asiendeshe mwenyewe kwenda huko.