Mathenge haufi kwa panga peke yake
Unayesafisha malisho Baringo, Turkana au Garissa, usiukate mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis) unaovamia malisho, juu ya ardhi ukauacha. Kisiki huchipua, na badala ya shina moja unapata kichaka kizima cha miiba. Fukua udongo kuzunguka shina, ukate mzizi kama sentimita 30 chini, maana macho ya kuchipua yako pale juu ya mzizi. Miche ing'oe mvua ikinyesha, ardhi ingali laini.

Maganda yake yenye mbegu usiwape mbuzi mazima. Mbegu hupita tumboni salama na kuota penye kinyesi, tena sukari yake huwaozesha meno. Mbuzi asiye na meno hufa njaa malishoni, na inauma kuona. Yakaushe, yasage mpaka mbegu zipasuke, ndipo uchanganye na lishe nyingine.