Akitukanwa kwenye simu ya mama

Nafundisha darasa la tano hapa Busia, upande wa Uganda. Wanafunzi wangu wengi hawana simu. Jioni huazima ya mama. Kwa hiyo matusi ya WhatsApp huwakuta peke yao jikoni, mwalimu hayupo.

Somo naanza na karatasi. Kila mtoto anapata ujumbe uleule: "Wewe mchafu, kesho usije kucheza nasi." Anausoma kimya, kisha nauliza mikono yake inataka kufanya nini. Karibu wote husema kujibu. Hapo tunaanza mazoezi: weka simu chini, hesabu hadi kumi, usijibu. Usifute pia, maana ujumbe huo ndio ushahidi. Piga picha ya skrini, mzuie aliyetuma, mpelekee mtu mzima. Tunarudia hadi mikono izoee.

Kumwambia mtu mzima ndiko kugumu zaidi. Mtoto anaogopa kunyang'anywa simu, au kuchapwa. Basi wazazi nawaomba waziwazi: akikuletea, mshukuru kwanza, maswali baadaye. Niliwahi kuwa na msichana aliyenyamaza muhula mzima kwa hofu hiyo, na bado inaniuma.

Jina la shule, picha akiwa na sare, mahali anapoishi: asimpe mtu wa mtandaoni. Na anayesema "usimwambie mama", huyo ndiye wa kumwambia mama upesi.

Namba ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ni 116, na hupigwa bure. Naiandikisha nyuma ya kila daftari. Anayeona mwenzake akichekwa kwenye kundi asisambaze. Amwandikie pembeni: "Niko nawe."