Kuchonga na kufunga vibamba vya deraya ya mfupa

Deraya ya mfupa, vazi la kukinga mwili vitani, ni kazi ya pande za Mlango-bahari wa Bering, kati ya Alaska na Urusi. Wainupiati na Wayupiki, wenyeji wa huko, walipanga vibamba vya mfupa au vya pembe za walrasi (mnyama mkubwa wa bahari za baridi) safu kwa safu, wakavifunga kwa kanda za ngozi. Katika Kisiwa cha St. Lawrence vibamba hivi huchimbuliwa kwenye makazi ya utamaduni wa Punuk, wa miaka elfu moja hivi iliyopita.

Pembe ya walrasi iache. Marekani, sheria ya 1972 ya kulinda mamalia wa baharini imewaachia wenyeji wa Alaska uchongaji huo. Tumia mfupa mrefu wa kongoro la ng'ombe, ulionyooka na mnene. Kata ncha zote mbili kwa msumeno wa chuma (ndani yake ni kama sponji, hazifai hata kwa sanamu), toa uboho, kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni siku kadhaa, ukiyabadilisha kila siku. Usiuchemshe kwa nguvu: mafuta huzama ndani, mfupa hubaki wa manjano na hukatika ovyo.

Pasua kwa urefu ungali na maji. Kila kibamba kiwe na urefu wa sentimita 12 hadi 15, upana 2.5, unene milimita 4. Vaa barakoa, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Piga msasa namba 120, kisha 240, kisha 400.

Kazi inaharibikia kwenye matundu ya kupitishia ukanda. Wainupiati na Wayupiki walitumia keekee ya upinde, inayozungushwa kwa kamba ya upinde. Drili ya mkono inafaa. Toboa milimita 3, angalau milimita 6 kutoka ukingoni, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Ukitoboa moja kwa moja, keekee ikitokea nyuma hung'oa kigae. Laini midomo ya tundu, la sivyo itakata ukanda.

Panga kila kibamba kipande kidogo juu ya jirani yake, matundu yakutane. Ukanda wa kuvifunga ni wa ngozi mbichi, na uloweshwe kwanza. Hapa mikono mizito huponza: ngozi husinyaa ikikauka, na ukiikaza sana ikiwa imelowa, safu hujikunja kama jani na vibamba hupasuka kuanzia tundu. Acha nafasi ya kupitisha ncha ya kisu chini ya ukanda, kausha kivulini siku mbili, ndipo ufunge fundo la mwisho.