Kabla ya Kuanza Graviti ya Einstein: Mambo ya Kuzingatia

Aliyemaliza kidato cha nne ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Vekta, matriksi na kalkulasi ya mwanzo anazo, lakini mada ya kufufua kwanza ni latitudo na longitudo. Nyuzi moja ya longitudo hapa Mombasa ni karibu kilomita 111; kwenye latitudo ya 60 ni nusu yake. Kanuni inayogeuza nyuzi kuwa kilomita namna hiyo ndiyo metriki. Kinachopungua ni kalkulasi ya vigeu vingi. Bila hiyo tensa, yaani vitu vya hesabu vinavyopanua wazo la vekta na matriksi, hazisomeki.

Tafuta mpira na kalamu ya wino mzito. Kwenye ncha ya kaskazini chora mshale unaoelekea chini kwa longitudo ya 40 mashariki, inayopita jirani na Mombasa. Teremka nao hadi ikweta, usogee mashariki nyuzi 90, kisha upande tena hadi nchani. Mshale utafika umegeuka nyuzi 90, na kugeuka huko kwaonyesha mpindo, yaani kwamba uso wa mpira umepinda. Wengi hawapati jibu hili kwa kuwa wakifika kona huugeuza mshale ufuate njia. Usiuguse, anayepiga kona ni wewe.

Halafu chukua jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku za maji mafu pungufu sana. Jua huivuta Dunia mara 180 hivi kuliko Mwezi, mbona Mwezi huyainua maji zaidi ya maradufu ya Jua? Kwa sababu maji hufuata tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa Dunia na mwingine, na tofauti hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Usivuke hapa kabla hujaweza kuikokotoa. Mvuto wenyewe hutoweka ukianguka huru, ndiyo maana wanaanga huelea. Tofauti haitoweki, na hiyo ndiyo alama ya mpindo wa nafasi na wakati, ambao kwa Einstein ndio graviti.

Ule mfano maarufu wa graviti, wa kitambaa kilichovutwa na gololi katikati, uache. Unahitaji graviti chini ya kitambaa ili ueleze graviti, tena hauonyeshi wakati, ilhali dafu likianguka mnazini karibu kila kitu hutokana na mpindo wa wakati.

Uhusianifu maalumu wa 1905, nadharia ya Einstein ya mwendo bila graviti, utangulie ule wa jumla wa 1915, wenye graviti. Kipimo cha kujijaribu: setilaiti ya GPS huenda kilomita 3.9 kwa sekunde, basi saa yake ichelewe mikrosekunde 7 kwa siku. Graviti, iliyo hafifu zaidi kule juu, huiharakisha kwa 45, ibaki mbele kwa 38.

Mwisho, angalia alama za metriki kabla ya kufungua kitabu cha pili. Vingine huupa wakati hasi, vingine chanya, na vingi huandika kasi ya mwanga kuwa 1. Ukichanganya viwili, majibu yatakuja na alama kinyume nawe utadhani umekosea hesabu.