Kukuza spirulina Goma kwa maji ya ziwa

Dada mmoja wa Himbi, mtaa wa Goma, niliyemsaidia kujaza bwawa lake la spirulina (mwani mdogo sana wa kijani unaoliwa), aliniuliza kama ni lazima aagize chumvi ya bahari. Hapana. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na wanaokuzia spirulina humo hulazimika kupunguza kalisi na magnesiamu kwanza, la sivyo zinaganda na kutuama chini wakitia magadi. Ziwa Kivu lina pH karibu 9, yaani maji yake ni ya alkali, na magnesiamu imo tayari.

1. Bwawa. Makoro, yaani mawe ya volkano, hutoboa shitingi (plastiki ya kutandika bwawani), kwa hiyo mwaga mchanga kwanza. Kina cha maji sentimita 15 hadi 20, juu paa la plastiki angavu.

2. Chakula. Chuja maji kwa kitambaa. Kwa kila lita 1,000 tia magadi soda (yale ya mikate, si soda kaustiki!) kilo 8, chumvi ya kawaida ya jikoni kilo 5, nitrati ya potasiamu kilo 2, fosfati ya amonia gramu 100, na sulfati ya chuma gramu 5. Utaambiwa urea ni rahisi zaidi. Ni kweli, ila ikizidi kidogo, katika maji yenye alkali kali hugeuka amonia na kuua bwawa zima. Mimi sinunui.

3. Mbegu, yaani maji yenye mwani hai wa kuanzia. Hapa ndipo wengi wa Goma wanapopoteza bwawa, kisha wanasema mbegu ilikuwa mbovu.

Spirulina hupenda nyuzi joto 35 hadi 37. Chini ya 20 karibu haikui. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari: usiku ni baridi, halafu saa mbili asubuhi jua linawaka kweli kweli. Mwani uliopoa hauwezi kutumia mwanga wote huo, na mwanga usiotumika unauharibu. Kijani kinaelekea manjano, povu linatokea pembeni, na harufu inabadilika.

Kwa hiyo weka kivuli, wavu au hata mikeka, na usikiondoe kwa kutazama saa. Tumbukiza kipimajoto: maji yakifika nyuzi 25, funua nusu, yakipita 30, funua yote. Siku ya mawingu, acha wazi tu. Bwawa likishakuwa zito kwa mwani, mwani unajikinga wenyewe na kivuli hakina kazi kubwa tena.

Ndiyo maana pia usimwage bidoni moja ya mbegu katika bwawa zima. Anza na kona moja, ongeza maji yenye chakula kidogo kidogo. Kipimo ni kijiti chenye kisahani cheupe mwishoni: kizamishe, angalia kinapotea kwa kina gani. Kikionekana hata baada ya sentimita 5, umeongeza maji mengi mno. Rudisha kivuli, ngoja.

4. Kukoroga. Mara nne kwa siku, kwa ufagio laini. Pampu za bei ndogo hukatakata nyuzi za mwani, na umeme wenyewe mnaujua.

5. Kuvuna. Kisahani kikipotea kwa sentimita 3, vuna asubuhi kwa kitambaa chenye matundu ya mikroni 30 hadi 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kamua, pitisha kwenye sirinji kubwa upate nyuzi nyembamba, kausha bila kuzidi nyuzi joto 65. Zikikatika kwa mlio kama tambi mbichi, zifunge siku hiyo hiyo. Unyevu wa ziwa hauchelewi kuzirudia.