Mmegongana kidogo? Namna ya kumalizana wenyewe bila kupitia bima

Mimi ni fundi bodi, Dar es Salaam. Wateja wa ajali ndogo huja wawili wawili, aliyegonga na aliyegongwa, wote wamenuna. Mara nyingi hawabishanii kosa, wanabishania bei waliyotajiana barabarani juani, kabla hata ya kujua kilichovunjika. Mpango wangu ni huu: barabarani kubalianeni kosa tu, bei ije gereji, bampa likiwa limeshafunguliwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ajali yenyewe ni ya kumalizana

Mtu akiumia, hata akisema "niko poa", nendeni polisi apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), kisha hospitali. Bodaboda aliyedondoka ni vilevile. Goti linaweza kuvimba kesho. Kama dereva amelewa, ita trafiki. Gari lenye namba za STK, SU au DFP (la serikali, shirika la umma au mradi wa wafadhili) nalo liache: dereva wake hana mamlaka ya kukuahidi kitu. Kama gari si la dereva, mpigieni mwenye gari hapohapo, asije akaruka kesho.

Hatua ya 2: Picha kwanza, ndipo msogee

Piga picha magari yakiwa yalivyosimama. Moja ya mbali ionyeshe mistari ya barabara, nyingine namba za magari, nyingine mikwaruzo kwa karibu. Kisha sogeeni pembeni, foleni ya Mandela haina huruma. Piga picha leseni ya mwenzako, na namba ya simu anayokupa ipigie uisikie ikiita. Ingiza namba ya gari lake kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uone kama bima iko hai. Mkishindwana, kwenye bima hiyo ndiko utakakorudi.

Hatua ya 3: Fungueni bampa

Hapa ndipo pesa ilipo. Bampa la plastiki hubonyea na kurudi, nje ukaona mkwaruzo tu. Chukulia Toyota IST iliyogongwa mbele upande mmoja. Nikifungua bampa naangalia vishikizo vyake, chuma cha ndani, kondensa ya AC na rejeta. Halafu naitikisa taa kwa mkono: ikicheza, masikio yake yamekatika ingawa kioo ni kizima. Nafunga boneti na kulinganisha mwanya wa kushoto na wa kulia. Usipolingana, kuna kitu kimesogea.

Ukiona majimaji chini ya gari, gusa. Maji ya AC hayana rangi wala utelezi. Yakiwa ya kijani au mekundu na yanateleza, huenda ni kulanti (maji ya rejeta): usiwashe gari, livutwe. Na chesisi ikiwa imepinda, achaneni na habari ya kumalizana.

Hatua ya 4: Bei

Andikeni kila kifaa na bei yake, ufundi peke yake, rangi peke yake. Ulizeni bei maduka mawili matatu ya spea, Gerezani au Ilala. Kwa maoni yangu, taa iliyotumika ilipwe kwa taa iliyotumika iliyo nzima. Kumdai mtu taa mpya ya dukani kwa gari lililozeeka ni kumkomoa. Na bonyeo lililokuwepo kabla ya ajali si deni lake. Rangi ziangalieni vizuri: nyeupe ya kung'aa kama lulu hupigwa kwa tabaka, kwa hiyo ni ghali kuliko nyeupe ya kawaida. Namba ya rangi ya Toyota iko kwenye kibati cha gari, pameandikwa C/TR.

Mwenye kosa amlipe muuza spea na fundi moja kwa moja. Akituma kwa simu, asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na asifute meseji.

Hatua ya 5: Andikishaneni

Karatasi moja, nakala mbili: tarehe, mahali, namba za magari, majina, vitu vitakavyotengenezwa, kiasi, siku ya kulipa, saini na shahidi. Kama analipa kidogokidogo, nendeni serikali ya mtaa mkagongewe muhuri. Usimshikie leseni kama rehani. Utampeleka barabarani bila leseni na deni litabaki palepale.

Kabla ya kukiri kosa na kabla ya saini, kila mmoja apige hesabu ya bima yake. Bima ndogo (third party) ya aliyegonga humlipa aliyegongwa, gari la mgongaji mwenyewe haitengenezi. Mwenye bima, ndogo au kubwa (comprehensive), asome mkataba: kwa kawaida unakataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua, na unataka taarifa mapema. Ukishamalizana ndipo ukagundua rejeta inavuja, usitegemee kampuni ikusikilize.

Hatua ya 6: Kagueni, ndipo mfunge

Tazama rangi mchana, nje ya gereji. Ndani rangi mbili tofauti huonekana moja. Usiku washa taa ukiwa umeelekea ukuta uone kama miale iko sawa. Washa AC, endesha, simama, chungulia chini. Vyote vikiwa sawa, ongezeni kwenye karatasi zote mbili "nimelipwa, sina dai tena", tarehe na saini.